Babu Hayumo Daftarini: Kutatua Mikwamo ya Kutafuta Wazee wa Unguja na Pemba

"Nimekwenda, nimeuliza, hayumo." Takriban kila anayekuja kuniomba nimsaidie kumtafuta mzee wake huanza na maneno hayo. Mara nyingi yumo, ila anatafutwa kwa jina ambalo yeye mwenyewe asingeliitikia.

Nimepanga mambo kwa dalili, kama fundi redio anavyofanya: redio inalia vipi, kisha tunatafuta ilipokatika. Anza na jepesi, ndipo ushuke chini. Nitasema pia wapi pa kusimama, maana ziko karatasi utakazoziharibu ukizigusa peke yako, na ziko habari zikifunguliwa ovyo zinavunja nyumba.

Dalili ya kwanza: jina halionekani popote

Sababu ninayokutana nayo kuliko zote ni kwamba unamtafuta babu kwa jina lako. Tuseme wewe ni Asha Haji Makame. Haji ni baba, Makame ni babu. Ukienda kuulizia "Haji Makame" utamkuta baba yako. Babu ni Makame bin nani? Kama jina la baba yake hulijui, hujaanza kutafuta. Mtindo wa kulifanya jina la tatu kuwa la ukoo umeletwa na pasipoti na fomu za skuli; zamani mtu alikuwa fulani bin fulani, basi. Kwa hiyo anza na jina lake la kwanza, umfuatishe baba yake. Habari hiyo haipatikani serikalini, inapatikana kwa shangazi.

Sababu ya pili ni sikio la karani. Aliyeandika alikuwa Mwingereza, Mgoa, Mhindi au Mwarabu, na kila mmoja aliandika alivyosikia. Khamis ni Hamis na Hamisi. Suleiman ni Sleiman, Seleman, Suliman. Kwenye hati za Kiarabu kuna tabu nyingine, kwa sababu Kiarabu hakina p, wala v, wala ch. Pandu anaandikwa kwa be, na anayenakili kwa herufi za kizungu miaka arubaini baadaye anasoma Bandu. Vuai anakuwa Fuai. Machano anaweza kutoka Mashano. Nimewahi kumfuata mtu miezi miwili kwa P, kumbe yuko ukurasa wa pili wa B, na aliyemwandika pale ni karani wa juzi tu aliyekuwa anapiga chapa orodha ya zamani. Kabla hujatoka nyumbani, chukua karatasi uandike jina kwa kila namna linavyoweza kusikika au kukosewa, ukatafute kwa namna zote.

Ya tatu: jina la nyumbani silo la karatasi. Unamjua kwa Baba Mwanakhamis, au Maalim, au kwa jina la utani alilopewa kwenye ngoma. Waulize wazee, "Chuoni akiitwa nani?" Jina alilosomea Kurani ndilo lililokuwa likiandikwa kwa kadhi.

Ya mwisho, na ni adimu kuliko watu wanavyodhani: hakuandikwa. Hapa lazima uelewe jambo moja ambalo mimi mwenyewe lilinichukua miaka kulielewa. Karatasi za zamani za visiwa hivi hazikuandikwa ili mtu akumbukwe. Ziliandikwa kwa sababu mtu ameuza, amekopa, ameweka shamba rehani, amefunga wakfu, ameshitakiwa, ameachwa huru, au amekufa akaacha kitu. Basi badala ya kuuliza "babu yangu yuko wapi", jiulize: babu yangu alikuwa na nini ambacho mtu mwingine alikitaka? Mvuvi wa Msuka asiye na deni wala mnazi anaweza kupita duniani bila mstari mmoja. Lakini ndugu yake aliyekuwa na mikarafuu thelathini huenda ameandikwa mara tano, na huyo mvuvi ametajwa humo kama shahidi, kama mrithi, au kama jirani wa mpakani.

Jirani wa mpakani usimdharau. Hati za mashamba hutaja mipaka kwa watu: mashariki linapakana na shamba la fulani bin fulani, kusini na la mjane wa fulani. Mashamba hurithiwa na kugawanywa, kwa hiyo hao majirani wanne mara nyingi ni ndugu, wajomba na wakwe. Nimepata majina ya kaka watatu kwenye hati moja ambayo babu niliyekuwa namtafuta hakuisaini hata kidogo.

Hatua za kufuata ni hizi:

1. Nyumbani kwanza. Fungua kurasa tupu za mwanzo na mwisho za msahafu wa familia. Wazee waliandika humo kuzaliwa na kufariki. Halafu ulizia orodha ya hitma, karatasi yenye majina ya marehemu wanaosomewa. Nyumba nyingi wanayo na hawajui kuwa ni mti wa ukoo. Ya kwetu imekunjwa mara nne ndani ya juzuu, imeandikwa kwa wino uliogeuka rangi ya chai, ina majina thelathini na moja, na wanawake wamo, jambo ambalo madaftari ya serikali yana uchoyo nalo sana.

2. Sheha na wazee wa kijiji alikozikwa, si unakokaa wewe.

3. Vyeti: kuzaliwa, kufa, ndoa na talaka. Siku hizi shughuli hii iko chini ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Anza na cheti cha kifo cha mtoto wake aliyefariki karibuni, upande juu kutoka hapo.

4. Wakfu na Mali ya Amana, kama familia iliwahi kuwa na nyumba, msikiti au shamba la wakfu.

5. Hifadhi ya Nyaraka ya Zanzibar, iliyoko Kilimani. Hapa watu wengi hukosea kuuliza. Mafaili yalipangwa kwa kazi za ofisi zilizoyaandika, kwa mfano AA ni ya ubalozi wa Uingereza na AB ni ya sekretarieti ya serikali ya kikoloni. Hakuna faili la babu yako. Kuna faili la mashamba ya Mkoani, la kesi za Chake, la mishahara ya askari. Uliza kwa mahali, kazi na miaka. Nenda na penseli, kalamu ya wino iache nyumbani.

Dalili ya pili: wako watatu wenye jina moja

Haji bin Makame wa Makunduchi hawezi kuwa mmoja. Majina yanarudi kwa sababu mtoto huitwa babu yake, basi kila kizazi cha pili kina mtu yule yule. Usichague aliye karibu na unavyotamani. Watenganishe kwa mambo matatu: kijiji, jina la mke, na jina la shamba au mtaa. Likikubaliana moja tu, huyo si wako bado. Mawili, mwandike kwa penseli.

Dalili ya tatu: tarehe hazikubaliani

Hii ndiyo inayowachosha wengi, na ndiyo inayotatulika kwa urahisi kuliko zote, kwa sababu mara nyingi hakuna aliyekosea. Walikuwa wakihesabu kwa kalenda tofauti.

Sababu ya kwanza ni mwaka wa Kiislamu. Una siku 354 au 355, kwa hiyo kila miaka 33 ya Hijria ni kama 32 ya Miladia. Mzee aliyesema ana miaka 66 kwa hesabu ya Ramadhani zake, kwa kalenda ya serikali ana 64. Ukiona mwaka wa Hijria, zidisha kwa 0.97, ongeza 622. Chukua 1315: unapata 1897 na nusu, na kweli mwaka ule ulianza Juni 1897 ukamalizika Mei 1898. Hesabu hii inakufikisha karibu tu. Ukitaka siku hasa, tumia jedwali au programu ya kugeuza tarehe, na hata hapo acha siku moja au mbili kwa ajili ya mwandamo. Mwezi wetu uligombewa zamani kama unavyogombewa leo.

Ya pili, miezi. Mfunguo mosi si Januari wala si Muharamu. Ni Shawwal, mwezi wa kufungua baada ya Ramadhani. Muharamu ni Mfunguo nne. Nimeona mti wa ukoo, umechapishwa vizuri na kuwekwa fremu, ambao mifunguo yote ndani yake imegeuzwa kuwa Januari, Februari, Machi. Watu kumi na tisa, wote tarehe zao uongo.

Ya tatu ni usiku. Kwetu siku huanza jua likizama. Aliyezaliwa "usiku wa Ijumaa" amezaliwa Alhamisi usiku, na karani wa hospitali ameandika Alhamisi. Wote wawili wanasema kweli. Saa nazo ni hivyo hivyo: saa mbili asubuhi ya bibi ni 8:00 kwenye cheti.

Ya nne ni enzi. Bibi yangu akisema, "Mie nimezaliwa zamani za Khalifa," na sote tukitikisa kichwa. Khalifa yupi? Khalifa bin Said alitawala 1888 hadi 1890, Khalifa bin Haroub 1911 hadi 1960. Kwa Ali pia wako wawili: Ali bin Said, 1890 hadi 1893, na Ali bin Hamoud, 1902 hadi 1911. Muulize mzee jambo jingine la wakati ule. Je, aliyemzaa alikuwa akizungumzia kupigwa mizinga kwa kasri la Sultani na Waingereza? Hiyo ni Agosti 1896. Tufani kubwa iliyoangusha mikarafuu ya Unguja? Hiyo ni 1872, na Pemba ilisalimika zaidi, kwa hiyo hadithi hiyo ikisimuliwa na mtu wa Wete, uliza kama mzee wao alihamia huko kutoka Unguja.

Ya tano: tarehe imekisiwa. Cheti kikisema 1 Januari, ushuku. Wengi walipewa cheti ukubwani, wakati wa kutafuta kazi au safari, na siku hiyo ikawekwa ili fomu ijazwe.

Karatasi isiyo na tarehe ipime kwa pesa. Ikitaja rupia, shughuli hiyo ina uwezekano mkubwa kuwa kabla ya 1936, mwaka ambao shilingi ya Afrika Mashariki ilichukua nafasi yake kwa kiwango cha rupia moja kwa shilingi moja na nusu. Nasema uwezekano kwa sababu wazee waliendelea kutaja rupia mdomoni muda mrefu, ila makarani hawakuwa na ruhusa hiyo.

Jina nalo linaweza kupima: Khamis, Juma, Rajab, Shaaban, Ramadhan, Idi. Lakini kumbuka anaweza kuwa amerithi jina la babu, na siku ile ya Alhamisi ilikuwa ya babu.

Dalili ya nne: mnyororo unakatika ghafla, hasa kwa mwanamke au kwa mtu asiye na baba wa kutajwa

Unapanda vizuri hadi karibu na 1900, kisha kimya. Wazee wanabadilisha mazungumzo. Sababu ya kawaida kwa upande wa wanawake ni kwamba madaftari yamemwandika kama mke wa fulani au mama wa fulani. Mtafute kwenye mirathi ya mumewe na ya watoto wake, maana fungu lake lazima litajwe, na likitajwa anatajwa kwa jina na kwa baba.

Sababu nyingine ndiyo ile ambayo watu huizunguka. Huenda aliletwa utumwani. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa 1873, lakini utumwa wenyewe haukufutwa na sheria hadi 1897, na hata hapo haukufutika kwa siku moja: aliyetaka uhuru ilimbidi aende mahakamani kuudai, na bwana aliyethibitisha kuwa alimmiliki kihalali alilipwa fidia. Masuria, yaani watumwa wa kike waliowekwa na mabwana zao kama wake, waliachwa nje ya sheria hiyo mpaka 1909. Ukilijua hilo, utaona kwa nini kuna karatasi. Panapolipwa pesa pana orodha, na orodha inataja mtumwa na bwana.

Alama za kuangalia: majina kama Mabruki, Feruzi, Faraji, Zaafarani, Hidaya, au "bin Abdalla" asiyekuwa na ndugu wala kaburi la baba, kwani mtu ambaye baba yake hajulikani aliweza kupewa jina hilo, maana sote ni waja wa Mungu. Zote hizi ni dalili tu. Wako wakina Mabruki waliozaliwa huru, na Abdalla wengine walikuwa baba wa kweli.

Ukishuku hivyo, usimtafute yeye. Mtafute bwana. Tazama wasia wake na wakfu wake, kwa sababu matajiri wa Unguja waliwahi kufunga wakfu kwa ajili ya watu waliowaacha huru na vizazi vyao, na kipande cha ardhi mnachokaa leo huenda kimetoka hapo. Kwa suria, kumbuka kuwa mtoto wake alizaliwa huru na akachukua nasaba ya baba, ndiyo maana upande wa mama umefutika kwenye ukoo mkubwa wenye jina.

Kama alikombolewa na kupelekwa misheni, njia ni nyingine. Wamisheni wa Kianglikana waliwaweka watu waliokombolewa Mbweni, na wa Kikatoliki walikuwa mjini tangu 1860 kabla ya kwenda Bagamoyo. Pemba, Makweka (Quakers, Wakristo wa Kiingereza) walikuwa na shamba lao la Banani, karibu na Chake Chake. Madaftari ya ubatizo na ndoa yana jina jipya la Kikristo, wakati mwingine na la zamani pembeni, na kabila la bara. Sehemu kubwa ya karatasi za Waanglikana hao iko Uingereza, Oxford, kwa hiyo jitayarishe kuandika barua.

*Simama hapa.* Usipeleke ulichokiona kwenye grupu la WhatsApp la ukoo. Kaa na mtu mzima wa nyumba hiyo, faragha, umuulize anajua nini na anataka kijulikane nini. Nimeona harusi ikiahirishwa kwa sababu ya picha moja ya faili iliyopigwa kwa simu. Na ikiwa karatasi inagusa umiliki wa shamba, au mtu ameanza kusema "basi sisi nasi ni warithi", funga daftari lako. Hilo sasa ni la wakili na Mahakama ya Kadhi. Mtafutaji wa nasaba si shahidi, wala asigawe mirathi.

Dalili ya tano: kabila linabadilika kila karatasi

Mswahili mwaka huu, Mshirazi mwaka ule, Mhadimu kwenye faili, Mwarabu kwenye leseni. Usimwite babu mwongo. Kati ya sensa ya 1924 na ya 1948 maelfu ya watu walibadilisha walivyojiandikisha, na wakati wa Vita vya Pili mgao wa chakula ulifuata kabila, mchele kwa hawa, mahindi kwa wale. Wewe ungejiandikisha nani? Andika kila kabila na mwaka wake na ofisi iliyouliza, usichague moja.

Kipimo cha vinasaba (DNA) cha mate, cha kununua mtandaoni, hakitatatua jambo hili. Kinaweza kukuonyesha binamu usiyemjua, hakiwezi kukwambia babu alijiona nani.

Dalili ya sita: karatasi ipo lakini haisomeki

Mara nyingi ni Kiarabu cha mkono, au Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ambacho hata anayesoma Kurani vizuri hukwama nacho, kwa sababu mara nyingi hakina irabu. Kwanza angalia kama ni Kiarabu au ni Kiswahili: tafuta neno unalolijua, jina la kijiji au "mikarafuu". Mpelekee maalim mzee aliyezoea kusoma hati za mkono. Tafsiri mbili kutoka kwa watu wawili wasiokutana ni bora kuliko moja ya mtu mashuhuri.

Kama imefifia, ipige picha kwenye mwanga wa asubuhi unaoingia kwa ubavu, bila taa ya simu. Piga na nyuma pia. Mhuri wa studio nyuma ya picha ya zamani, wa Gomes au wa Capital Art, unakusaidia kukisia miaka.

*Simama hapa pia.* Kurasa zikigandana usizibandue. Usitie selotepu, usipige pasi, usianike juani, usitie mafuta ya taa kufukuza mchwa. Ukungu ukionekana, iweke karatasi peke yake ndani ya bahasha ya karatasi, kamwe si mfuko wa plastiki, iweke mbali na ukuta, na uwaulize wahifadhi wa Kilimani kabla hujagusa tena. Ya kwetu ya hitma nilitaka kuikunjua mwaka jana nikaisikia inalia kwenye mkunjo. Niliirudisha kwenye juzuu yake. Majina niliyoyaona ni yale ishirini na mbili yaliyo juu. Tisa ya chini alinisomea shangazi kwa kichwa, na mawili kati yao simjui yeyote anayeyajua isipokuwa yeye.